Nissan GT-R R35 iliyotumika: tathmini kwa upande wa ajali na matengenezo

Nimemiliki Nissan GT-R ya toleo la R35 kwa miaka minne sasa, nikiwa mmiliki wake wa tatu, na katika muda huo nimesoma tathmini nyingi za gari hili zinazoanzia kwenye sekunde za kufika kilomita 100 kwa saa na kuishia hapo hapo. Mimi nitaanzia upande wa pili. Nataka kueleza gari hili linavyokuwa siku linapomshinda dereva, linavyovunjika, linavyotengenezwa, na kwa nini mtu anayefikiria kununua lililotumika apige hesabu ya ajali kabla ya kupiga hesabu ya bei. Ninalipenda na sijaliuza. Ndiyo maana naona ni wajibu wangu kusema yale ambayo muuzaji hatayasema.

Kwa wasiolifahamu, lilizinduliwa Tokyo mwezi Oktoba 2007, na uzalishaji wake ulifungwa Agosti 2025 katika kiwanda cha Tochigi baada ya kutengenezwa magari yapatayo 48,000. Injini yake ni V6 (silinda sita) ya lita 3.8 yenye turbo mbili, yaani feni zinazosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuongeza nguvu, nayo huunganishwa kwa mkono na fundi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ilianza na nguvu farasi 480, na kuanzia toleo la 2017 ikafikia 570. Giaboksi yake, pamoja na klachi zake mbili, haikufungwa nyuma ya injini kama tulivyozoea, bali iko nyuma kabisa, kati ya magurudumu ya nyuma, ili uzito ugawanyike vizuri. Shafti moja hupeleka nguvu nyuma na nyingine huirudisha mbele. Gari zima lina takriban kilo 1,740. Namwomba msomaji aikumbuke giaboksi hiyo ya nyuma, kwa sababu tutakutana nayo tena kwenye gereji.

Jambo ambalo mnunuzi mpya hulisifu kwanza ndilo ninalolihofia zaidi, nalo ni utulivu wa gari hili. Gari la kawaida humwonya dereva mapema: usukani hutetemeka, injini hulalamika, upepo huvuma madirishani, na dereva mwenyewe huanza kusita. GT-R haitoi maonyo hayo. Kilomita 140 kwa saa ndani yake huhisiwa kama 90 ndani ya gari la familia, na kwa kuwa hufika hapo sekunde chache tu baada ya kukanyaga mafuta, akili ya dereva huwa bado iko kwenye kasi ya awali. Nishati ambayo gari hubeba hukua kwa mraba wa kasi, hivyo gari hilo hilo likitoka 100 hadi 140 hubeba nishati karibu mara mbili, na yote ni lazima iishie mahali fulani gari linaposimama: kwenye breki kama dereva amewahi, kwenye bodi na miili ya watu kama amechelewa. Katika sekunde moja ya kushtuka, kabla mguu haujafika kwenye breki, gari lililo kwenye kasi ya 100 limekwisha kupita mita 28, na lililo kwenye 140 limepita mita 39. Breki za Brembo zenye diski za milimita 380 katika matoleo ya mwanzo ni bora sana na sina neno juu yake, lakini hazianzi kazi kabla ya mguu wa dereva.

Watengenezaji walilijua hilo. Magari yaliyouzwa Japani yalifungiwa kasi isizidi kilomita 180 kwa saa, na kizuizi hicho huweza kuondolewa pale tu mfumo wa satelaiti unapothibitisha kwamba gari liko kwenye uwanja wa mbio unaotambuliwa. Wamiliki wengi huondoa kizuizi hicho kwa kubadilisha programu ya injini, na mara nyingi huongeza nguvu hapo hapo. Kwa hiyo mnunuzi wa lililotumika hapaswi kuamini takwimu za kitabu; gari lililo mbele yake huenda lina nguvu zaidi ya ile ambayo breki, giaboksi na matairi yake yalipimiwa.

Imani inayowaponza wamiliki wengi, nami nilikuwa mmoja wao, ni kwamba gari linaloendeshwa na magurudumu manne haliwezi kumtoroka dereva. Mfumo wa GT-R kwa kawaida hupeleka sehemu kubwa ya nguvu nyuma, kisha huhamishia mbele hadi nusu yake magurudumu ya nyuma yanapoanza kupoteza mshiko. Huo ni msaada mkubwa wakati wa kuondoka. Wakati wa kusimama haumo kabisa, kwa sababu kila gari, hata lile dogo la bei rahisi, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Kwenye kona husaidia ikiwa tu kuna mshiko uliobaki. Mshiko wa tairi ni kama mshahara mmoja unaotakiwa kulipa kila kitu: ukiutumia wote kukata kona, hakuna kinachobaki cha kushika breki wala cha kukanyaga mafuta, na atakayedai zaidi atadaiwa yeye.

Ajali yangu haikutokea kwenye mwendo wa kutisha. Ilikuwa asubuhi, mvua nyepesi ilikuwa imeanza kunyesha, na nilikuwa nimeendesha kwa dakika kumi tu, muda usiotosha kuyapasha moto matairi mapana ya gari kama hili. Binti yangu alikuwa kiti cha mbele. Wiki moja kabla nilikuwa nimejizoeza kuizima VDC, yaani mfumo wa kudhibiti mserereko, kwa kuwa nilidhani kwamba dereva mzuri hauhitaji. Nikatoka kwenye makutano kwa gia ya pili nikiwa bado nimekunja usukani, nikakanyaga mafuta mapema. Kwa nusu sekunde hakukuwa na kitu, halafu turbo zikaamka zote pamoja na nyuma ya gari ikatoka. Nilifanya kile ambacho mwili hufanya bila kuulizwa: nikaachia mafuta ghafla. Uzito ukahamia mbele, matairi ya nyuma yakapoteza hata ule mshiko mdogo yaliokuwa nao, kisha yakashika tena kwa kishindo, na gari likarushwa upande wa pili. Gurudumu la nyuma la kulia lilipiga ukingo wa barabara kwa ubavu, na ubavu wa nyuma ukaishia kwenye nguzo ya chuma. Kasi ilikuwa kama kilomita 50 kwa saa. Hakuna aliyeumia. Binti yangu hakulia. Aliniuliza tu kama nilikuwa nimeona kile alichokuwa akinionyesha dirishani, na mpaka leo swali hilo hunirudia ninapolifungua gari.

Kwa macho, hasara ilionekana ndogo: rimu imepasuka, tairi limechanika, bampa limelegea, na ubavu umebonyea eneo la viganja viwili. Gereji ya kwanza niliyoiendea ilinipa makadirio siku hiyo hiyo, na kama mngeniuliza ningesema walinipa huduma nzuri, maana waliahidi wiki mbili. Fundi wa gereji ya pili alikataa kutaja kiasi chochote kabla ya kulipandisha gari, kuvua bampa na vikinga matope, na kusoma kumbukumbu za kompyuta zake zote. Alinieleza kwamba katika magari ya aina hii makadirio ya kwanza ni ya vile vinavyoonekana, na vinavyoonekana ndivyo rahisi. Nilimwachia gari, na kwa msingi wa yale niliyoyaona pale naweza kuitathmini GT-R kama kitu kinachotengenezwa, siyo kama kitu kinachokimbia.

Pigo lililoingia kwenye rimu halikuishia kwenye rimu. Mikono ya sasipensheni ilikuwa imepinda kiasi ambacho jicho halikuweza kukiona ila kipimo kilikiona. Beringi ya kitovu cha gurudumu ilikuwa imeanza kuunguruma. Fremu ndogo inayobeba sasipensheni ya nyuma ilikuwa imesogea milimita kadhaa. Na hapo ndipo giaboksi ilipoingia kwenye hadithi. Katika magari mengi nyuma kuna tairi la akiba na mizigo, hivyo pigo la ubavuni huharibu bati na vyuma vya gharama nafuu. Katika GT-R, shafti fupi ya gurudumu ikisukumwa ndani inasukuma kuelekea kwenye giaboksi yenyewe, ambayo ni miongoni mwa vipuri ghali zaidi katika gari zima. Langu liliponea kwenye sili, yaani mpira unaozuia mafuta ya giaboksi yasitoke, ambayo ilianza kuvuja. Fundi alinionyesha kwa kidole umbali uliobaki kabla ya kasha la alumini kupasuka, na ulikuwa mdogo kuliko unene wa kidole hicho.

Bodi nayo ina mambo yake. Boneti, mlango wa buti na ngozi za nje za milango ni za alumini, minara ya mbele inayoshika shokapu ni ya alumini iliyomiminwa kwenye kalibu, na fremu inayobeba rejeta mbele imetengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Chuma cha kawaida fundi mzoefu anaweza kukirudisha kwa kukivuta na kukigonga. Alumini iliyomiminwa haivutwi wala haipashwi moto ikanyooshwa; ikipata ufa hubadilishwa. Alumini ya bati inahitaji zana zake pekee na nafasi iliyotengwa, kwa sababu vumbi la chuma likikwama ndani yake kutu huanza chini ya rangi na kujitokeza baada ya miezi. Nyuzi za kaboni huweza kuonekana nzima juu ilhali matabaka ya ndani yameachana. Ile gereji ya kwanza ilikuwa imeandika kwenye makadirio yake neno moja kwa yote hayo: kunyoosha.

Kuna gharama nyingine zisizotokana na uharibifu wenyewe. Kwa kuwa mfumo wa magurudumu manne hautaki matairi yanayotofautiana kimo kwa uchakavu, tairi moja lililochanika lilinilazimu kununua manne, nayo ni ya inchi 20, yenye ukuta mgumu unaoruhusu kwenda kwa muda bila upepo, ya mbele yakiwa na upana tofauti na ya nyuma. Baada ya vipuri kufungwa yalifuata alainimenti ya magurudumu yote manne na kufundisha upya kihisi cha pembe ya usukani, ambacho kikikosewa VDC hudhani gari linakunja wakati linakwenda moja kwa moja. Mifuko ya hewa haikufunguka kwangu. Ingefunguka, ningebadilisha mifuko, mikanda yenye vibana vinavyolipuka mara moja tu, kompyuta yake, na pengine dashibodi nzima. Kazi iliisha baada ya miezi mitano, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa kusubiri vipuri. Kwa huduma ile ya pili sina ila shukrani, kwa sababu nilikabidhiwa karatasi ya vipimo vya fremu, kabla na baada, na hiyo nitampa atakayenunua gari hili baada yangu.

Kuhusu bima, somo langu lilikuwa chungu lakini fupi. Kampuni ya bima hulinganisha gharama ya matengenezo na thamani ya gari, na GT-R ya zamani ina thamani iliyoshuka ilhali vipuri vyake havikushuka bei pamoja nayo. Kwa hiyo pigo ambalo kwenye gari jipya lingetengenezwa, kwenye la miaka kumi na mitano laweza kulifanya litangazwe kuwa limekwisha. Ndiyo sababu ni busara kukubaliana na kampuni kiasi cha thamani mapema, kwa maandishi, badala ya kuacha kipangwe siku ya hasara. Programu ya injini ikiwa imebadilishwa, itajwe kwenye mkataba. Siku za kwenda kwenye uwanja wa mbio kwa kawaida hazimo kabisa.

Magari adimu sana huenda kinyume, na mfano unaojulikana ni McLaren F1 ya mwigizaji Rowan Atkinson. Mwaka 2011 iliserereka nchini Uingereza, ikagonga mti na kushika moto. Matengenezo yalichukua zaidi ya mwaka na kugharimu zaidi ya pauni 900,000, na bado ilikuwa na faida kwa bima kuyalipia, kwani yalitengenezwa 106 tu na mwaka 2015 gari hilo hilo liliripotiwa kuuzwa kwa pauni milioni 8. Wamiliki wa GT-R husimulia kisa hicho kama faraja. Gari letu haliko katika kundi hilo.

Nikirudi kwenye matairi, hapa ndipo ningemwomba mnunuzi atumie muda mrefu kuliko kwenye rangi na redio. Tarehe 30 Novemba 2013, huko Santa Clarita, California, Porsche Carrera GT ya mwaka 2005 iligonga nguzo na miti na kuwaka moto, na mwigizaji Paul Walker akafa pamoja na rafiki yake aliyekuwa akiendesha. Wachunguzi walikadiria kasi ya kati ya maili 80 na 93 kwa saa, yaani takriban kilomita 130 hadi 150, mahali panaporuhusu maili 45. Hawakukuta hitilafu ya mitambo, ila waligundua kwamba matairi yalikuwa na umri wa miaka tisa. Gari hilo lilikuwa na nguvu farasi zaidi ya 600 na halikuwa na mfumo wa kudhibiti mserereko. Magari ya namna hii huegeshwa sana na kuendeshwa kidogo, hivyo matairi yake huzeeka kabla ya kuchakaa: kina cha meno kinaonekana kizuri, lakini mpira umekauka. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, kiasi kwamba 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimekagua GT-R tatu kwa niaba ya marafiki, na mbili kati yake zilikuwa na matairi yenye umri zaidi ya miaka saba na meno yasiyofika nusu ya kuchakaa. Wauzaji wote wawili waliyataja matairi hayo kama sifa.

Ukaguzi wa ajali ya zamani nao hauendi kwa mbinu tulizozizoea. Mafundi wengi hupitisha sumaku kwenye bodi kutafuta puti, yaani dawa ya kujazia mabonde kabla ya kupaka rangi, kwamba ikishindwa kushika hapo pamejazwa. Kwenye boneti, milango na buti ya GT-R sumaku haishiki hata pakiwa pazima, kwa hiyo haimwambii mtu chochote. Kinachohitajika ni kipimo cha unene wa rangi kinachosoma na alumini. Angalia kama vichwa vya bolti za vikinga matope na bawaba za boneti vina alama za spana. Soma tarehe zilizoshonwa kwenye mikanda ya usalama na zilizochongwa kwenye vioo, kisha uzilinganishe na mwaka wa gari, maana mkanda mpya kwenye gari la zamani una sababu yake. Washa swichi bila kuwasha injini na uhakikishe taa ya mifuko ya hewa inawaka na kuzimika kwa wakati wake, siyo pamoja na taa nyingine iliyounganishwa nayo kwa waya. Kisha lipandishe juu na uangalie kasha la giaboksi kwa tochi, hasa pale shafti fupi zinapoingia. Muuzaji anayekataa gari kupandishwa amekwisha kukujibu.

Kwa uendeshaji wenyewe naipa GT-R alama za juu kabisa, kwa usalama wa kawaida naipa alama nzuri mradi VDC iwe imewashwa na matairi yawe mapya, na kwa matengenezo baada ya ajali naipa alama za chini, siyo kwa sababu imetengenezwa vibaya bali kwa sababu imetengenezwa kwa namna ambayo gereji chache zinaiweza. Mwenye uwezo wa kulinunua, kulikatia bima ya thamani iliyokubaliwa, na kuweka kando akiba ya seti ya matairi na ya kipuri kimoja kikubwa, namshauri alichukue, na atafute lile lisilobadilishwa programu hata kama rangi yake imefifia. Ambaye bei ya kununua inammaliza kabisa, namsihi asubiri. Na yeyote atakayelichukua, aanze kwa miezi miwili ya barabara kavu, akiwa peke yake ndani ya gari.